Neno Tamu Linaloua: Wazazi, Msikifiche Kitabu Hiki



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu.

Ipo riwaya moja ya Kiingereza ambayo baadhi ya vijana wetu wanaisoma shuleni, wengine wanaazimana wenyewe kwa wenyewe, na wengine wameijua kwa filamu tu. Inaitwa The Giver, yaani Mtoaji. Imeandikwa na mama wa Kimarekani aitwaye Lois Lowry, ikatoka mwaka 1993. Mwaka uliofuata ilipata medali ya Newbery, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Marekani, na mwaka 2014 ikatolewa filamu yake.

Wapo wazazi wanaosema kitabu hiki kiondolewe nyumbani na shuleni. Hoja yao inaeleweka: ndani yake kichanga kinauawa, wazee wanauawa, na msichana mmoja anajitoa uhai. Wanauliza, mtoto wa miaka kumi na miwili atayabeba vipi mambo hayo? Na hawakuanza wao. Katika miaka ya 1990 kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa sana katika shule na maktaba za Marekani kwenyewe, na kwa sababu hizo hizo.

Mimi nawapinga. Siwapingi kwa kusema kwamba mambo hayo hayamo. YAMO. Nawapinga kwa sababu kitabu hiki kinapigana na kosa moja tu, nalo ni kosa la wakubwa kuficha ubaya nyuma ya maneno mazuri ili watoto wasiulize. Sasa sisi tukikificha ili watoto wasiulize, tutakuwa tumefanya nini?

MJI WENYEWE UKOJE?

Tuanze na hadithi yenyewe, maana wengi wanaokikataa kitabu hiki hawajakisoma.

Mvulana Jonas ana miaka kumi na mmoja, anaingia kumi na miwili. Anaishi katika mji wa siku zijazo uliopangwa barabara. Hakuna njaa. Hakuna vita. Hakuna tajiri wala fukara. Milango haifungwi kwa ufunguo. Mtoto akifika miaka tisa hupewa baiskeli, na akifika kumi na miwili Wazee humtangazia mbele ya watu wote kazi atakayofanya. Ndoa hupangwa na Wazee hao hao baada ya kuchunguza tabia za watu. Kila nyumba ina baba, mama na watoto wasiozidi wawili, wa kiume na wa kike. Watoto hao hawakuzaliwa humo. Huzaliwa na wanawake waliopangiwa kazi hiyo, kila mmoja watoto watatu, na akishamaliza hupelekwa kufanya kazi za sulubu.

Asubuhi familia hukaa pamoja na kila mmoja husimulia ndoto yake. Jioni kila mmoja hueleza kilichomsumbua moyoni. Anayekosea huomba radhi papo hapo, na aliyekosewa husamehe papo hapo. Kijana akianza kupata ndoto za baleghe hupewa kidonge kila asubuhi, na ndoto hizo hukoma.

Ndugu mzazi, sema kweli: hukutamani hata kidogo? Watoto wanaoomba radhi bila kusukumwa! Vijana wasiohangaishwa na matamanio! Familia inayoketi pamoja kila jioni bila televisheni! Kuna mikutano yetu ya wazazi ambayo haiombi zaidi ya hayo.

Huo ndio mtego wa kitabu hiki, na umetegwa kwa makusudi. Mwandishi anatuacha tutikise kichwa kwa kukubali kurasa nyingi, halafu anatuonyesha gharama yake. Ukifika hapo huna pa kukimbilia, kwa sababu wewe mwenyewe ulishasema, "mji mzuri huu."

ALIYEFUNGWA MIKONO HASIFIWI KWA KUTOIBA

Tazama kidonge kile. Kijana anayekimeza hana matamanio, basi hazini. Je, huyo tumwite mwenye staha? Aliyefungwa mikono hasifiwi kwa kutoiba. Staha ni ya yule aliyeweza kufanya akaacha. Hata fikihi yetu haimhesabii mtu tendo alilolazimishwa. Mji ule haukufundisha watoto wema. Uliwaondolea uwezo wa kuchagua, kisha ukajisifu kwa utulivu wao.

Na si matamanio peke yake yaliyoondolewa. Watu wa mji ule hawaoni rangi. Hawajui nyekundu ni nini. Hawana milima, hawana theluji, hawajui jua la kuchoma. Kumbukumbu zote za dunia ya zamani, za raha na za machungu, amebebeshwa mzee mmoja ili wengine wasiumie. Jonas anachaguliwa kumrithi. Mzee humwekea mikono mgongoni na kumpitishia kumbukumbu: kuteleza kwa kigari juu ya theluji, joto la jua, kisha mguu uliovunjika, kisha vita na kijana anayekufa akiomba maji.

Siku moja mzee anampa kumbukumbu aipendayo kuliko zote: chumba chenye moto wa kuota, mishumaa, watoto, na wazee wawili wamekaa wakiwatazama. Ndiyo, ni sikukuu ya Krismasi, na najua kuna mzazi atakayekifunga kitabu hapo. Asikifunge. Jonas hajifunzi ibada ya mtu siku ile. Anachokiona kwa mara ya kwanza ni BABU NA BIBI. Katika mji wake watoto wakikua wazazi huenda kuishi kwingine, wakizeeka hupelekwa nyumba ya wazee, na hakuna mtoto anayejua nani alimzaa baba yake. Anauliza hisia ile ndani ya chumba inaitwaje, anaambiwa inaitwa upendo.

Anarudi nyumbani, anawauliza wazazi wake kama wanampenda. Wanacheka! Mama anamwambia neno hilo limechakaa, halina maana tena, atumie lugha sahihi. Angeuliza kama wanaona fahari kwa mafanikio yake, wangeweza kumjibu.

Wazazi hawa si wakali. Hawapigi, hawatukani. Ni watu wapole kabisa, na hawana kitu cha kumpa mtoto wao.

"KUACHILIWA"

Sasa tuje kwenye neno ambalo ndilo roho ya kitabu. Katika mji ule kuna "kuachiliwa." Wazee wakifika umri fulani huachiliwa: hufanyiwa sherehe, husimuliwa maisha yao, huagwa, halafu hupita mlango maalumu kwa furaha. Aliyevunja sheria mara tatu huachiliwa. Rubani mwanafunzi aliyekosea njia akaruka juu ya mji anatangazwa kwenye spika kwamba ataachiliwa. Kichanga kisichonenepa vizuri huachiliwa. Mapacha wakizaliwa, mwenye uzito mdogo huachiliwa. Wanaambiwa wanakwenda Kwingineko. Ni wapi huko? Hakuna anayeuliza, kwa sababu neno lenyewe limeshajibu. Kuachiliwa si jambo jema? Ndege huachiliwa. Mfungwa huachiliwa.

Baba yake Jonas analea vichanga, na ni mtu wa huruma. Kuna kichanga kiitwacho Gabriel ambacho hakikui sawasawa na hakilali usiku, na baba huyo anakileta nyumbani ili kipate nafasi ya pili. Lakini siku mapacha wanapozaliwa, yeye ndiye wa kupima uzito na kumwachilia mdogo. Jonas anamuuliza kama kuna mtu wa Kwingineko atakayekuja kumchukua. Baba anamjibu, ndiyo.

Kisha mzee anamwonyesha Jonas picha ya video ya asubuhi ile. Baba anawapima mapacha. Mkubwa anapelekwa kulelewa. Mdogo anachomwa sindano kwenye mshipa wa kichwa, huku baba akizungumza naye kwa sauti ile ile ya kubembeleza. Mtoto anarusharusha viungo, kisha ananyamaa. Baba anamtia kwenye boksi, anafungua kijimlango cha ukutani, anamtupa humo kama takataka, na anamuaga kwa uchangamfu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jonas hakuonyeshwa jambazi wala mfalme dhalimu. Alionyeshwa baba yake mzazi wa kulea, mwenye mikono laini, akifanya kazi aliyopangiwa, kwa neno alilofundishwa. Mzee anamweleza kwamba wale watu hawajui lolote jingine.

Waarabu wa jahiliya walizika mabinti hai, na kila mtoto wa madrasa anafundishwa ubaya wa jambo hilo. Lakini wale angalau walijua kwamba wanazika. Hawa wa kitabuni wanaua huku wakitabasamu. Nani kati yao ni mgumu zaidi kumrudisha?

TAFSIDA IPO YA HESHIMA, IPO YA DHULUMA

Sisi Waswahili tunalijua somo hili. Shuleni tunaliita TAFSIDA. Hatusemi mtu amekufa kama mnyama, tunasema amefariki. Hatusemi amezaa, tunasema amejifungua. Hatutaji sehemu za siri hadharani. Hiyo ni heshima, na lugha yetu inasifiwa kwayo.

Lakini ipo kipimo cha kutenganisha tafsida mbili. Tafsida ya heshima humsitiri aliye dhaifu. Aliyefariki kweli amefariki, na kila msikilizaji anajua kilichotokea. Hakuna aliyedanganywa. Tafsida ya dhuluma humsitiri anayetenda, na aliyetendewa hana wa kumsemea. "Kuachiliwa" hakumlindi yule kichanga. Kunamlinda aliyeshika sindano.

Sasa tusimcheke Jonas na mji wake. Tuingie majumbani mwetu.

Binti wa miaka kumi na miwili, umri ule ule wa Jonas, anatolewa kijijini kwao. Wazazi wake wanaambiwa, "tunamchukua tumsaidie asome." Akifika mjini anaamka kabla ya alfajiri, anafagia, anaosha vyombo, anabeba mtoto mgongoni, analala jikoni. Shule hajaiona. Ukiuliza, unajibiwa, "huyu tunamlea." KULEA! Neno zuri lililoje.

Msichana mwingine yuko kidato cha pili. Anaachishwa masomo na kuozwa kwa mtu mwenye umri wa baba yake. Tunasema "tumemsitiri." Tumemsitiri na nini? Na nani aliyesitirika hapo kwa kweli, yeye au sisi tuliokuwa na deni?

Mvulana anapigwa kwa waya mpaka ngozi inachanika. Tunasema "tunamrekebisha."

Mtoto mdogo anamuuliza mama, "bibi yuko wapi?" Bibi alizikwa jana. Mama anamwambia, "bibi amesafiri." Hilo dogo, na linatokana na huruma, lakini liangalie vizuri: amesafiri kwenda wapi? KWINGINEKO. Mtoto huyo atamsubiri bibi arudi. Na siku akijua ukweli, hatahuzunika kwa bibi tu. Atajiuliza wametudanganya mangapi mengine.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki kinatuuma. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto ataona mauaji ndani yake, mauaji hayo ni ukurasa mmoja. Kinachobaki kwa mtoto ni tabia ya kuuliza, "neno hili maana yake ni nini hasa?" Na mtoto mwenye tabia hiyo hataishia kwenye riwaya. Atakuja jikoni kumtazama yule binti "anayelelewa."

HAYA SI YA KUBUNI TU

Atasema mtu, hii ni hadithi ya kubuni, mambo ya kisayansi ya siku zijazo, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu yamekwisha kutokea.

Ujerumani, kuanzia mwaka 1939, serikali ya Hitler iliua watoto na watu wazima wenye ulemavu na wagonjwa wa akili. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari na wauguzi, ndani ya hospitali. Iliitwa kifo cha huruma. Wazazi waliambiwa watoto wao wanapelekwa kwenye wodi maalumu za matibabu, kisha wakaletewa barua zenye sababu za uongo za kifo. Hadi Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa katika vituo vya gesi vya mpango huo. Na nini kilitikisa? Mwezi huo huo askofu mmoja wa mji wa Münster, Clemens von Galen, alisimama kanisani na kuliita jambo kwa jina lake: kuua. Hotuba yake ikanakiliwa na kusambazwa kwa siri. Kabla mwezi haujaisha Hitler aliamuru mauaji ya gesi ya mpango huo yasimame. Uovu haukwisha, uliendelea kwa siri na kwa njia nyingine, lakini serikali nzima ilikuwa imelazimika kujificha mbele ya neno moja la kweli.

Lois Lowry hakuwa mgeni wa historia ya zama hizo. Kabla ya The Giver aliandika Number the Stars, mwaka 1989, riwaya ya watoto kuhusu Wadenmarki waliowaokoa majirani zao Wayahudi mwaka 1943.

Na kwetu huku Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda Ulaya. Rwanda, mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya kitabu hiki kutoka, wauaji waliita mauaji "kazi." Watu waliitwa mende. Jirani aliamka asubuhi, akachukua panga, akaenda "kazini," jioni akarudi nyumbani kwa watoto wake. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni watu wazima, na wengine wao ni wazazi wanaosoma ukurasa huu. Hao hawahitaji kuelezwa neno linaweza kufanya nini.

"LAKINI MTOTO ATAOGOPA"

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni ya huruma: tumwache mtoto aishi utoto wake, machungu atayakuta mbele.

Jibu la kwanza: machungu ameshayakuta. Mtoto wa kwetu amehudhuria mazishi. Ameona ndugu anaugua. Amesikia watu wazima wakinong'ona kisha wakanyamaza alipoingia. Anachokosa si machungu, ni mtu wa kuyazungumza naye.

Jibu la pili: mwandishi mwenyewe amewahi kueleza kilichomfanya aandike. Baba yake alizeeka akaanza kupoteza kumbukumbu, hata akasahau kwamba binti yake mkubwa, Helen, alikwisha kufariki. Lowry akaona kwamba kusahau kunampumzisha mtu na maumivu, akajiuliza ingekuwaje kama watu wote wangeondolewa kumbukumbu za kuumiza. Kitabu kizima ni jibu la swali hilo. Ukimwondolea mtu huzuni ya kufiwa, umemwondolea na yule aliyemfia. Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Dini iliyotuachia machozi hayo haituamuru kujenga mji usiolia.

Jibu la tatu: kuficha hakufichi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Filamu iko kwenye simu za vijana. Kitabu utakachokinyang'anya nyumbani kitasomwa kwa rafiki, na hapo hutakuwepo kujibu swali hata moja.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, kisome wewe kabla ya mtoto. Si kinene, siku chache zinatosha. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwambie kijana wako akusimulie sura moja kila jioni. Hiyo peke yake ni faida.

Pili, angalia umri. Mtoto wa miaka minane mwache. Wa kumi na miwili au kumi na mitatu anakiweza, akiwa na mkubwa karibu. Ukurasa wa yule kichanga usimwache ausome peke yake usiku.

Tatu, muulize maswali ya kweli. Baba yake Jonas ana hatia? Kwa nini hakuna aliyeuliza Kwingineko ni wapi? Jonas alifanya sawa kutoroka usiku na Gabriel, kichanga kilichopangiwa kuachiliwa, bila kuwaaga wazazi? Hapa jitayarishe, maana watoto wetu tumewafundisha kutii wazazi, na kitabu kinawaonyesha mtoto aliyewaacha wazazi ili kuokoa roho isiyo na kosa. Usilikimbie swali hilo. Mwambie wazi kwamba utii una mpaka, na mpaka wake ni dhuluma.

Nne, na hili ndilo gumu. Akishamaliza kitabu, mruhusu akuulize swali moja kuhusu nyumba yenu, na umjibu kwa maneno yaliyo wazi. Akikuuliza kama unampenda, usicheke. Akikuuliza kwa nini yule binti wa jikoni haendi shule na yeye anakwenda, usimwambie kwamba binti analelewa. Kesho yake mpeleke shule.